Pikapu ya Magurudumu Manane

Kivuva wa Kibwezi hakujiita tapeli. Akiulizwa kazi yake alijibu kwamba yeye ni mtu wa kuunganisha watu, na kusema kweli aliunganisha wengi: wanunuzi na ng'ombe ambao hawajazaliwa, wapangaji na nyumba zenye wenyewe, na mara moja bwana harusi mmoja na suti ya marehemu. Alivaa koti hata jua likiwaka, na alikuwa na sauti ambayo ukiisikia kwa simu unajikuta umevuta kiti ili umkaribishe. Watu aliowaliza walikubaliana jambo moja, kwamba aliwaliza kwa heshima.

Alipoiona riziki mara hii, Kivuva alikuwa ameketi kwenye gereji ya Abdallah kando ya barabara ya Mombasa, akinywa chai ambayo Shufaa, mke wa Abdallah, alikuwa amemletea mumewe. Mbele yake palikuwa na magari mawili. La kwanza lilikuwa Prado ya Mzee Munyao, tajiri wa mji, iliyokuwa ikingoja kipuri cha injini kutoka Nairobi. La pili lilikuwa Hilux kuukuu ya Kivuva mwenyewe, pikapu iliyomwangukia katika dili fulani ambalo hapana haja ya kulifukua hapa. Injini yake ilikuwa bado na moyo, lakini ilikaa chini kama kuku anayeatamia, na matairi yake yalikuwa madogo na yenye vipara. Kwa miezi mingi hakuna mnunuzi aliyeiangalia mara mbili.

Kivuva akaziangalia bolti za Prado. Zilikuwa sita. Akaziangalia za pikapu. Nazo zilikuwa sita. Akaweka kikombe chini polepole, jinsi mtu anavyofanya akisikia jina lake likitajwa kwenye redio.

"Abdallah, ndugu yangu," alisema, "hii Prado inaenda mahali kabla ya Jumatatu?"

Abdallah alikuwa na asili ya pwani na alimjua Kivuva tangu wakiwa darasa moja, kwa hiyo alijibu hapana kabla ya kuulizwa swali lenyewe. Kivuva akaeleza hata hivyo. Alitaka kuazima yale magurudumu manne, aivishe pikapu yake, aipeleke Kasikeu kwa mnunuzi, na kabla ya Jumatatu asubuhi yawe yamerudi mahali pake. Pikapu yenyewe ingebaki huko Kasikeu na vipara vyake. Mwenye Prado hangejua kitu, na gari lake lingekuwa limepumzisha miguu.

"Hiki kiwanja ni cha nani?" Abdallah akauliza.

"Cha Mzee Munyao."

"Basi. Mzee akija akute gari lake limeketi juu ya mawe, mimi na Shufaa na watoto tunafungasha. Kazi yangu yote iko hapa, Kivuva. Sina pengine."

Hapo mtu mwenye haya angeliacha jambo hilo. Kivuva alimtazama mtoto wa mwisho wa Abdallah aliyekuwa akicheza mlangoni. Mtoto huyo alizaliwa siku ya mafuriko, na aliyemvusha Shufaa hadi hospitali, maji yakiwa yamefika kwenye milango ya gari, alikuwa Kivuva, tena bila kuomba hata shukrani. Lilikuwa jambo jema pekee ambalo mji mzima ulimjua nalo, na alilitunza vizuri kwa siku kama hiyo. Abdallah akashusha pumzi, akachukua jeki.

Magurudumu yalikubali. Matundu sita yaliingia kwenye bolti sita bila ubishi, na Abdallah akampa na nati za Prado, maana zile za chuma cha zamani hazikai sawasawa kwenye rimu za aloi. Pikapu ikainuka. Ilisimama pale imetanua kifua, ikawa gari lingine kabisa, na hata Abdallah, aliyekuwa amenuna, alirudi nyuma hatua chache akaitazama.

Dosari ilikuwa moja. Pikapu hiyo iliwahi kulalia ubavu wake wa kushoto kwenye mtaro, na upande huo ulikuwa umebonyea. Ukikata usukani kulia ilikwenda vizuri. Ukikata kushoto, tairi lilisugua madigadi kwa mlio wa kutisha na moshi kidogo. Abdallah alisema panahitajika nyundo na siku nzima ya kazi. Kivuva akasema siku nzima hana, na kwamba kona za kushoto ni mazoea tu ya watu.

Mnunuzi wa Kasikeu alikuwa kanisa. Wanawake wa kanisa hilo walikuwa wamechanga kwa miaka, kwa kuuza kuku na ndengu na vikapu walivyosuka, ili wapate pikapu ya kuwapelekea mazao yao sokoni. Madalali walizoea kuja hadi shambani, wakapanga bei wao wenyewe, na mwanamke mwenye maembe yanayoiva leo hana nguvu ya kubishana hadi kesho. Pikapu ilikuwa njia yao ya kutoka kwenye mikono hiyo, na walikuwa wamekula mboga bila mafuta kwa ajili yake.

Kamati ya gari iliongozwa na Dikoni Nzuki, ambaye alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa kanisa la ng'ambo ya kilima. Kanisa hilo lilikuwa limenunua lori dogo, na tangu siku hiyo Dikoni hakulala vizuri. Kivuva alipofika na pikapu yake ndefu, Dikoni aliizunguka mara tatu akiwa ameweka mikono mgongoni. Hakuuliza mwaka wa gari wala hakufungua boneti. Aliuliza kama mtu aliye ng'ambo ya kilima anaweza kuiona.

"Dikoni, hii gari wataiona wakipenda wasipende," Kivuva alimwambia.

Mtu wa pili katika kamati alikuwa Mama Kasyoki, mweka hazina, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyelea watoto kwa kuuza kuku kwenye soko la Kasikeu. Yeye aliomba jambo dogo: gari liendeshwe. Kivuva alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameipita njia ya kuzunguka soko kwa miguu mapema, akaipanga vizuri, na sasa akaizungusha kamati nzima sokoni, wakapita kulia kwenye duka la mbolea, kulia kwenye kinu cha unga, kulia tena kwenye uwanja wa mbuzi, na kulia hadi wakajikuta kanisani walikotoka. Dikoni alikuwa amekaa mbele akipungia watu mkono.

Waliposhuka, Mama Kasyoki akavuta kitambaa chake cha kichwa vizuri. Akasema kwa upole kwamba nyumba ya mchungaji iko pale tu, upande wa kushoto, na ingekuwa adabu kupita kumsalimu.

Kivuva alicheka kwa unyenyekevu. "Mama, maandiko unayajua kunishinda. Kondoo wako kuume, mbuzi wako kushoto. Hii gari tuiache na kondoo."

Dikoni akasema amina, tena kwa sauti. Kamati ikacheka. Mama Kasyoki naye akacheka, kisha akauliza kama watoto wa Kivuva hawajambo.

Wakakubaliana hivi. Jumapili ilikuwa siku ya mavuno. Gari lingewekwa wakfu ibadani, mnada wa mavuno ungefanyika, na baada ya hapo Mama Kasyoki angemlipa Kivuva mbele ya kamati. Kivuva alikuwa na mpango wake. Akishalipwa, watu wakila muthokoi wa mahindi na nyama, angeomba ruhusa ya kwenda kuliosha gari vumbi kabla ya kukabidhi funguo. Nyuma ya kilima angerudisha magurudumu yale ya zamani, aliyoyaficha chini ya turubai nyuma ya pikapu pamoja na jeki na spana, ayaache yale makubwa kichakani ayafuate baadaye, kisha pikapu ingerudi kanisani imepungua kimo. Mkataba ulisema pikapu. Haukusema urefu. Na ni Mkristo gani angemkamata koti ndugu aliyeokoka, siku ya Bwana, kwa sababu ya matairi?

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Mama Kasyoki zilikuwa chini ya kitambaa. Jumapili asubuhi wanawake waliomba pikapu iwabebee maboga na magunia ya ndengu kutoka langoni hadi mlangoni mwa kanisa. Kivuva alikuwa ndani akisalimiana na wazee na hakuweza kukataa. Mama Kasyoki akainua turubai ili apate nafasi ya maboga, akaona magurudumu manne madogo, jeki na spana. Katika biashara ya kuku alikuwa ameshaona jogoo waliolishwa mchanga ili wapate uzito, na alijua sura ya kitu kilichofichwa ili kitumike baadaye. Akalirudisha turubai, akapanga maboga juu yake kwa mkono wake mwenyewe, akaenda kukaa na wenzake.

Ndani ya kanisa Kivuva alikuwa amepewa kiti cha mbele. Alikuwa ametulia, hata akaimba sauti ya pili, mpaka mchungaji aliposimama kutoa tangazo. Mheshimiwa aliyetarajiwa kuwa mgeni wa heshima alikuwa ametuma udhuru. Badala yake, kwa neema ya Mungu, amekuja mwana wa Kasikeu aliyefanikiwa huko Kibwezi, naye ni Mzee Munyao.

Kivuva akafunga kitabu cha nyimbo. Mzee akaja, akaketishwa ubavuni mwake, akamshika mkono kwa furaha, maana walijuana kwa sura. Akamnong'oneza kwamba amekuja kwa pikapu ya kukodi na mgongo unamuuma, kwa kuwa Prado yake iko kwa yule kijana Abdallah. Ila kipuri kimefika jana, akasema, na kesho asubuhi anaichukua. Kivuva alimjibu kwamba Abdallah ni fundi mwaminifu sana. Alisema hivyo kwa moyo wake wote, na ndipo kwa mara ya kwanza alipoona waziwazi ni nyumba ya nani aliyoiweka rehani.

Gari likaombewa. Mnada ukaanza kwa kuku na maboga. Ndipo Mama Kasyoki akasimama, akaomba neno.

"Wapendwa," alisema, "kuna watu hutoa na wanataka tuone, na kuna watu hutoa kwa siri. Ndugu Kivuva ametuletea gari. Lakini nilipokuwa napanga maboga nimekuta ametuletea na magurudumu mengine manne, ameyafunika, hakumwambia mtu. Sasa mimi nimejiuliza, gari moja na magurudumu manane, ni ya nini? Roho akanifundisha. Haya madogo ni ya gari letu, yanatosha barabara zetu. Haya makubwa ndugu ameyatoa sadaka ya mavuno, ila ni mnyenyekevu, hangeweza kusema. Nimesema vibaya, ndugu?"

Kanisa lote likamgeukia Kivuva. Tuseme ukweli, alitafuta njia. Angesema hapana, angeulizwa yale madogo yalifichwa kwa nini. Angesema ni spea, angeulizwa ni gari gani lenye spea nne. Alikuwa amewatia wengi kwenye kona maishani mwake, na aliitambua kona nzuri alipoiona. Akainuka, akainamisha kichwa, akasema kwamba mama amemfichua.

Vigelegele vikapigwa. Vijana wa kwaya walitoka nje, wakatumia jeki yake na spana yake, na muda si muda magurudumu ya Mzee Munyao yalikuwa yamepangwa mbele ya madhabahu kati ya maboga na jogoo mmoja mwekundu. Dikoni Nzuki, aliyekuwa ndiye mnadi, alitazama mlangoni akaiona pikapu imerudi chini, na uso wake ukashuka nayo. Lakini kazi ni kazi. Akaanza kunadi.

Mfugaji mmoja mwenye trela akataja bei. Kivuva akaona magurudumu yakipanda trela hilo, akaona na mawe yaliyoshikilia Prado, na Shufaa akifunga vyombo kwenye shuka. Akainua mkono. Mfukoni hakuwa na kitu cha maana, na Mama Kasyoki, ambaye alikuwa kama amelijua hilo, alimwinamia akamwambia asiwe na wasiwasi, atakata kwenye ile ya gari. Mfugaji akapandisha, Kivuva akapandisha, mpaka mfugaji akaketi. Magurudumu yakawa yake.

Kivuva akapumua. Alikuwa amepoteza sehemu ya faida, lakini heri nusu shari kuliko shari kamili. Akapiga hatua kwenda kuyachukua, na hapo ndipo kwaya ilipoanza kuimba na wazee wakaanza kutabasamu, naye akakumbuka.

Katika mnada wa mavuno pale Kasikeu, mtu wa heshima habebi kitu alichokinunua mara ya kwanza. Anakirudisha kwa Bwana, kinanadiwa tena. Kuku mmoja anaweza kujenga ukuta mzima wa kanisa na bado akalala nyumbani kwake. Kivuva alikuwa amelijua hilo tangu alipokuwa akibebwa mgongoni na mama yake, lakini alikuwa hajahudhuria mavuno kwa muda mrefu, na katika hesabu zake zote alikuwa amewapima watu wa kanisa asiipime desturi yao. Akabaki amesimama katikati ya kanisa, mkono mmoja umenyooshwa.

"Nayarudisha," akasema.

Mnada wa pili ulikuwa mkali zaidi, maana mfugaji alikuwa amepumzika. Kivuva akashinda tena. Sasa alijaribu kujitetea. Akasema kwa sauti laini kwamba safari hii angependa kuyabeba, ana safari ndefu. Bibi mmoja kwenye kiti cha nyuma akakohoa.

"Si vibaya, yabebe," Mama Kasyoki alisema. "Ni vile tu watu watajiuliza ndugu ana haraka ya nini, na bado hatujalipana."

Akayarudisha. Mara ya tatu alinunua akiwa hatazami tena mtu, akipandisha bei kama mtu anayepanda mti kumkimbia nyati, na alipofika juu Mama Kasyoki alimwonyesha kiganja kitupu. Pesa ya pikapu ilikuwa imekwisha, yote, na gari tayari lilikuwa la kanisa. Lakini magurudumu yalikuwa yake, na hakuna aliyeweza kusema hakuyatoa jasho. Abdallah alikuwa salama. Kivuva alihisi macho yakimlenga machozi, na halikuwa igizo.

Dikoni Nzuki akampa mkono. "Na kinachonunuliwa mara ya tatu, kama tunavyojua sisi wote," akatangaza, "mnunuzi anampa mgeni wa heshima."

Mzee Munyao akasimama. Alikuwa ameguswa. Alishuka, akainama juu ya magurudumu, akayapapasa moja baada ya jingine.

"Mungu ni wa ajabu," alisema. "Nina mengine kama haya haya kwa Prado yangu. Hata huu mkwaruzo, yangu iko nao mahali pamoja. Kijana, umenipa spea za maisha. Leo haurudi kwa miguu. Tunaenda pamoja, tupitie kwa Abdallah tuyalinganishe."

Kivuva alipelekwa Kibwezi katikati ya kiti cha mbele cha pikapu ya kukodi, magurudumu yakigongana nyuma. Mzee alimsifu njia nzima. Alimweleza kwamba vijana wa siku hizi hawana utoaji, na kwamba atamtaja kwenye kila kikao. Kivuva aliitikia, na chini ya koti vidole vyake vikamwandikia Abdallah ujumbe wa simu: Tunakuja na Mzee. Tuna magurudumu. Anadhani ni mengine. Abdallah hakujibu.

Walipofika, jua lilikuwa bado kali. Prado ilikuwa juu ya mawe, wazi kabisa, na Abdallah, aliyekuwa amemaliza kufunga kile kipuri, amesimama kando yake akifuta mikono kwa tambara. Mzee Munyao alishuka. Tabasamu likamfifia polepole.

"Abdallah. Magurudumu yangu yako wapi?"

Kivuva akafungua mdomo. Mdomo huo ulikuwa umeuza mvua kwa watu wa Tseikuru wakati wa ukame, lakini mbele ya uso wa Abdallah haukutoa kitu. Alimwona Shufaa amesimama mlangoni na mtoto, na akaona aibu iliyomchoma hadi masikioni.

"Shikamoo, Mzee," Abdallah akasema. "Yako anayo Kivuva. Aliona rimu zimefifia, akaniomba ayapeleke kupakwa rangi kwa gharama yake, ukichukua gari ulikute linang'aa. Sasa kwa vile amekuja na haya, tufunge haya uende nayo. Yale yako atakuletea yakiwa tayari. Yote manne. Sivyo, Kivuva?"

Mzee akamgeukia Kivuva, akamkumbatia. Alisema hajawahi kuona moyo kama huo. Akasimama pale hadi magurudumu yakafungwa, akayapiga teke kidogo moja moja, akasema yanakaa kama yamezaliwa na gari. Akaondoka na Prado yake akipiga honi.

Vumbi lilipotulia, Kivuva alianza kusema kwamba yuko mtu huko Mwingi anayemjua, mwenye gari la namna ile, ambaye huenda wakaelewana. Abdallah aliingia ndani, akatoka na ovaroli kuukuu yenye mafuta, akamvua Kivuva lile koti taratibu kama anavyovuliwa mtoto, akalitundika kwenye msumari wake mwenyewe.

"Shufaa amekuwekea chai," alisema. "Ukimaliza, kuna lori pale linataka kubadilishwa springi. Magurudumu manne ya Mzee utayalipia hapa hapa. Usiwe na pupa. Nimempigia Mzee simu, nimemwambia hii rangi inakauka polepole sana."